Ufunuo 4 na 5: vitasa, bahari ya kioo, wazee 24. Tunatafsirije bila kubahatisha?

Mama_Kwaya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kikundi chetu cha Biblia kimefika Ufunuo sura ya 4 na ya 5. Tulitenga vipindi vinne vya saa moja moja, na cha kwanza kimeishia kwenye mabishano. Tunasoma Union Version, ile tafsiri ya zamani ya Biblia ya Kiswahili.

Yaliyotukwamisha ni matatu. Wazee 24 ni akina nani? Bahari ya kioo iko pale kwa kazi gani? Na "vitasa vya dhahabu" vya 5:8 ni nini? Ndugu mmoja alifundisha kwa bidii kwamba ni vitasa vya mlango, yaani maombi yetu yamefungiwa mpaka siku ya mwisho, na nusu ya kikundi wameshaandika hivyo kwenye madaftari.

Siombi majibu matupu. Naomba njia: mtu ashike nini kwanza, aangalie wapi, na makosa gani huwapoteza wengi.

Chetezo

Asifiwe sana, mama. Tuanze na vitasa, maana kosa hilo ni la lugha tu na linaondoka haraka. Watafsiri wa Union walitumia "kitasa" kwa maana yake ya zamani, yaani tasa ndogo, bakuli la madini. Leo neno limehamia mlangoni, kwa hiyo msomaji wa sasa anaona kufuli mahali ambapo Yohana aliona bakuli. Neno lake la Kiyunani ni *fiale*, bakuli pana lenye kina kifupi, la kumiminia sadaka. Ufunguo haumo kabisa. "Bilauri" ya 4:6 imepatwa na hayo hayo: kwetu ni gilasi ya kunywea maji, pale ni jiwe angavu linalopitisha mwanga. Na "manukato" ya 5:8 si marashi ya chupani, ni uvumba wa kufukizwa, kama 8:3 inavyosema wazi. Neno likiwatatiza, fungueni tafsiri ya Habari Njema pembeni kabla ya kujenga fundisho juu yake.

Lakini msilitupe neno kitasa, kwa sababu Union imewafanyia wema mmoja mkubwa: imetumia neno lile lile katika 15:7 na sura yote ya 16, kama Kiyunani kinavyofanya. Fuateni mnyororo huu kwa kalamu:

5:8, vitasa vimejaa uvumba, "ambayo ni maombi ya watakatifu".
6:9-10, roho za waliochinjwa zinalia chini ya madhabahu, hata lini?
8:3-5, malaika anatia uvumba pamoja na maombi ya watakatifu wote, kisha anakijaza chetezo kile kile, yaani chombo cha kufukizia, moto wa madhabahu na kuutupa juu ya nchi.
15:7, mmoja wa wenye uhai wanne, wale viumbe wa 4:6-8, anawapa malaika saba vitasa vya dhahabu, safari hii vimejaa ghadhabu.
16:7, madhabahu yenyewe inasema hukumu hizo ni za kweli na za haki.

Maombi yanapanda, hukumu inashuka, na chombo ni cha aina moja. Yule ndugu aliyesema maombi yamefungiwa amefundisha kinyume kabisa cha kitabu. Maombi yako mbele ya kiti cha enzi, na dunia inatikisika kwa sababu yake. Naomba kikundi kirudi kwenye madaftari na kufuta, kwa upole lakini kwa wazi, kwa maana wako waumini wanaolia mbele za Mungu miaka mingi, na hawa hawastahili kuambiwa kwamba kilio chao kimefungiwa kabatini.

Sasa njia. Kabla ya kutafuta maana yoyote nje, pigieni mstari kila mahali Yohana anapotafsiri mwenyewe. Maneno ya kutafuta ni "ni", "ndizo", "ambayo ni", "ambazo ni". Nyota saba na vinara saba: 1:20. Taa saba: 4:5. Pembe na macho ya Mwana-Kondoo: 5:6. Uvumba: 5:8. Maji anayoketi yule kahaba: 17:15. Kitani nzuri: 19:8. Hizo ndizo funguo za kweli za kitabu hiki, na nyingi zimo ndani ya aya ile ile yenye picha. Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya vinara vya 1:20 na taa za 4:5. Vinara ni makanisa. Taa za moto ni Roho saba za Mungu. Ukivichanganya, unajikuta unafundisha kwamba kanisa ndilo Roho.

Hatua inayofuata ni Agano la Kale. Ufunuo hausemi "kama ilivyoandikwa" hata mara moja, lakini karibu kila picha imetoka huko, kwa hiyo msomaji asiyejua Ezekieli na Kutoka anaona mambo mapya pasipo na jipya. Kwa sura ya 4 someni kwanza Isaya 6:1-4, Ezekieli 1, Kutoka 19:16 na 24:9-10. Kwa sura ya 5 someni Danieli 7:9-14, Ezekieli 2:9-10 na Zekaria 4:1-10. Ni kazi ya dakika 25 hivi kwa sauti, na ingefaa ifanyike nyumbani kabla ya kipindi.

Mkilinganisha, angalieni zaidi kile alichobadilisha Yohana. Viumbe wa Ezekieli wana nyuso nne kila mmoja na mabawa manne. Wa Yohana wana sura moja moja, simba, ndama, mwanadamu, tai, na mabawa sita, kama maserafi wa Isaya, na wimbo wao wa Mtakatifu mara tatu ni wa Isaya pia. Ameunganisha makerubi wa Ezekieli na maserafi wa Isaya kuwa kundi moja la ibada. Kwamba hao wanne ni Injili nne ni usomaji wa baadaye. Irenaeus, mwalimu wa kanisa la kale, yapata mwaka 180, aliipa Injili ya Yohana simba na ya Marko tai. Jerome, mwalimu wa baadaye, akageuza, Marko akapewa simba na Yohana tai, na mpangilio huo ndio uliokaa kwenye michoro ya makanisa. Augustine naye akampa Mathayo simba. Wakubwa watatu, mipangilio mitatu. Mchoro wa kanisani ni mzuri kwa kukumbuka Injili, ila msiufanye kuwa maana ya 4:7.

Zamu_ya_Nane

Shukrani, Chetezo. Nichukue wazee na bahari.

Kuhusu wazee, orodhesheni kwanza wanachofanya na walicho nacho, halafu ndipo muulize ni akina nani. Wanaketi katika viti vya enzi. Wamevaa meupe. Wana taji za dhahabu na wanazitupa mbele ya kiti cha enzi (4:10). Kila mmoja ana kinubi na kitasa cha uvumba (5:8). Mmoja anamfariji Yohana (5:5), na mmoja anamuuliza swali kisha anajibu mwenyewe (7:13-14).

Kinubi na uvumba mkononi mwa mtu mmoja ndiyo alama ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote, na wengi huipita mbio. Katika 1 Nyakati 24 Daudi anawagawa makuhani zamu 24. Katika sura inayofuata waimbaji nao wanagawanywa mafungu 24 ya watu 12, jumla 288, na vinubi ni miongoni mwa vyombo vyao. Kazi ya uvumba ilikuwa ya makuhani, kazi ya vinubi ya waimbaji Walawi. Wazee wa Yohana wamebeba zote mbili. Zamu hizi hazikuwa historia iliyokufa: Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alikuwa wa zamu ya Abiya, ambayo ni ya nane katika orodha, na alipofukiza uvumba watu walikuwa nje wakiomba (Luka 1:5-10). Tazameni picha hiyo: uvumba ndani, maombi nje, kwa saa ile ile. Ndiyo 5:8, na ndiyo 8:3.

Kwa hiyo nambari 24 inasema kwanza kwamba huku ni hekaluni na zamu zote ziko kazini kwa pamoja, hakuna anayesubiri zamu yake. Juu ya hapo mnaweza kuweka 12 na 12, makabila na mitume, kwa kuwa 21:12-14 inayaweka majina yao pamoja kwenye malango na misingi ya mji. Victorinus wa Poetovio, ambaye ufafanuzi wake wa Ufunuo ndio wa zamani zaidi uliobaki, aliwahusisha na vitabu 24 vya Agano la Kale kwa hesabu ya Kiyahudi, na akayahesabu mabawa ya wenye uhai pia, sita mara nne. Ni ya kuheshimu, ila matini haitoi ishara ya vitabu.

Je, ni wanadamu au malaika? Hapa msisahau hati. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasoma 5:9 kana kwamba wazee wanaimba "umetukomboa sisi". Wenye kuutegemea usomaji huo husema basi wazee ni wanadamu waliokombolewa. Union inasema "ukamnunulia Mungu kwa damu yako watu wa kila kabila", na 5:10 "ukawafanya". Hati za kale za Kiyunani zinatofautiana: ile iitwayo Sinaiticus ina neno "sisi" katika 5:9, ile iitwayo Alexandrinus haina. Kwa kuwa 5:10 katika hati bora ina "wao", usomaji wa Union unaungana vizuri zaidi. Basi aya hii haithibitishi kwamba ni wanadamu, wala haikatai. Mavazi meupe, taji na kuketi vinaelekea kwa washindi walioahidiwa hayo katika sura ya 2 na ya 3. Katika 7:14 Yohana anamwita mmoja wao "Bwana wangu" na kupokea maelezo, kama mtu anavyoongea na malaika. Mimi nawasoma kama wawakilishi wa watu wa Mungu wote katika kazi ya ukuhani. Kikundi kisivunjike kwa jambo hili.

Bahari ya kioo ina chimbuko tatu. Kuna bahari ya kusubu ya Sulemani, 1 Wafalme 7:23-26: kipenyo dhiraa 10, kimo dhiraa 5, yaani upana wa kama mita 4 na nusu, juu ya ng'ombe 12, na makuhani waliogea humo (2 Nyakati 4:6). Kuna anga ya Ezekieli 1:22 iliyotandazwa juu ya vichwa vya viumbe, chini ya kiti cha enzi. Na kuna bahari yenyewe, ile ya Kutoka. Ya tatu ndiyo inayofunguliwa na Ufunuo wenyewe: katika 15:2-3 walioshinda wamesimama kando ya bahari ya kioo iliyochangamana na moto, wana vinubi, wanaimba wimbo wa Musa. Ni Kutoka 15 tena. Mnyama wa 13:1 anatoka baharini. Mbele ya kiti cha enzi bahari imetulia kama kioo. Na katika 21:1 haipo tena. Kosa ni kuchagua chimbuko moja na kuyafukuza mengine. Yohana husuka.

Panda_Hata_Huku

Mmefundisha vema, ila mmeruka jambo. 4:1 Yohana anaambiwa "Panda hata huku". Neno kanisa linatoweka baada ya 3:22 na halirudi mpaka 22:16. Si wazi kwamba hapa ni kunyakuliwa, yaani kanisa kuchukuliwa mbinguni, na wazee ni kanisa lililokwisha kufika? Taji wamezipata wapi kama thawabu bado?

Zamu_ya_Nane

Ndugu, kuhusu neno kanisa upo sahihi kabisa, na ni vema umelitaja. Ila pimeni na haya. Amri "panda" ni ya umoja, anaambiwa Yohana peke yake, na katika sura ya 10 yuko tena duniani akila kitabu. Neno "watakatifu" linaendelea katikati: 13:7 wanapigwa vita, 14:12 wanahimizwa kuvumilia. Na "baada ya hayo" ni namna yake ya kupanga maono, kama 7:1, 7:9, 15:5 na 18:1. Mtu anaweza kuamini kunyakuliwa kabla ya dhiki kwa maandiko mengine. Kuliegemeza fundisho hilo kwenye 4:1 peke yake ni kulijenga juu ya nguzo nyembamba.

Juu ya taji: hizi ni *stefanos*, taji ya mshindi. Kilemba cha mtawala ni *diadema*, na Union imeitofautisha vizuri. Joka ana vilemba saba (12:3), mnyama kumi (13:1), na Kristo vilemba vingi (19:12). Wazee hawana kilemba hata kimoja.

Mama_Kwaya

Nimefuta daftari langu mwenyewe, na nitawaeleza wenzangu. Maswali mawili yamebaki. Kitabu cha mihuri saba: kila muhuri ukifunguliwa, je, ndipo ukurasa mmoja unasomwa? Na vipindi vitatu vilivyobaki nivipangeje?

Hati_na_Muhuri

Mama, hapana. Kosa hilo linatokana na kufikiria kitabu chenye kurasa. Hiki ni gombo, kimeandikwa ndani na nyuma kama lile la Ezekieli 2:10. Muhuri ulipigwa kwa nje, kwenye ukingo au uzi uliofunga gombo lililokunjwa. Ukivunja mmoja, sita bado zimelishika, na gombo halikunjuki. Linasomeka ukivunja wa saba. Kwa hiyo wapanda farasi wa sura ya 6 ni yanayotokea wakati mihuri inavunjwa, bado hayajawa maandishi ya ndani. Wasia wa Kirumi nao ulipigwa mihuri ya mashahidi saba, na wasomaji wa Asia, jimbo la Kirumi, wangeifahamu sura hiyo ya hati. Kutoka Maandiko mna Yeremia 32:10-14 na Danieli 12:4.

Swali la sura ya 5 ni nani *astahiliye*, wala si nani mwenye nguvu za kuvunja mihuri. Yohana anasikia habari za Simba wa Yuda, anatazama, anaona Mwana-Kondoo kama amechinjwa. Shikeni kanuni hii ya kusikia na kuona: alichosikia kinaelezwa na alichoona. Inarudi sura ya 7, anasikia 144,000 na kuona mkutano usiohesabika. Ufunuo unamwita Kristo Mwana-Kondoo mara 28, Simba mara hii moja tu. Anayehubiri Simba bila majeraha ameishia aya ya 5. Na usijaribu kumchora Mwana-Kondoo mwenye pembe saba na macho saba ubaoni. Picha hizi zinasikilizwa moja moja: pembe ni nguvu, saba ni ukamilifu, macho ni Roho, kutoka Zekaria 4:10. Ukizichora pamoja, watoto watacheka na watu wazima watatishika, na hakuna atakayeabudu.

Msisahau Roma. Pergamo ilikuwa na hekalu la mungu-mke Roma na kaisari Augusto lililoruhusiwa mwaka 29 KK, na Efeso ilipata hekalu la watawala wa ukoo wa kaisari Domitian karibu na mwaka 89. Irenaeus anasema maono haya yalionekana karibu na mwisho wa enzi ya Domitian, aliyetawala mwaka 81 hadi 96. Wapo wanaoyarudisha nyuma hadi siku za kaisari Nero. Mwaka 63 Tiridates, mfalme wa Armenia, alivua kilemba chake na kukiweka mbele ya sanamu ya Nero. Aliyejua desturi hiyo akasikia 4:10, wazee wakitupa taji zao mbele ya kiti kingine, alielewa mara moja ni nani ananyimwa ibada.

Kuhusu vipindi, ningepanga kwa nyimbo badala ya alama. Ziko tano: 4:8, 4:11, 5:9-10, 5:12, 5:13. Mbili za kwanza ni kwa aketiye juu ya kiti, mbili ni kwa Mwana-Kondoo, ya tano ni kwa wote wawili pamoja. Waimbaji nao wanaongezeka: wanne, kisha 24, kisha hao 28 pamoja, kisha malaika elfu elfu, kisha kila kiumbe mbinguni, duniani, chini ya nchi na baharini. Hesabuni sifa: 4:11 tatu, 5:12 saba, 5:13 nne, na kila moja isomwe polepole na "na" zake zote. Kipindi cha pili kishike sura ya 4, cha tatu sura ya 5, na cha nne mnyororo wa vitasa alioutoa Chetezo. Hicho cha nne kiongezeeni jambo moja: "umeme na sauti na ngurumo" ya 4:5. Inarudi 8:5 ikiwa na tetemeko, 11:19 tetemeko na mvua ya mawe, 16:18-21 tetemeko kubwa kuliko yote na mawe ya uzito wa talanta, zaidi ya kilo 30. Muhuri wa saba, baragumu ya saba, kitasa cha saba, kila mfululizo unamalizikia pale pale kwenye kiti cha enzi.

Na mawe ya 4:3, yaspi na akiki, msiyape maana moja moja. Katika kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu, Kutoka 28:17-20, akiki ni la kwanza na yaspi ni la mwisho. Hilo latosha kwa kipindi kimoja. Yaspi ya Yohana pia si lile jiwe zito lisilopitisha mwanga linalouzwa leo kwa jina hilo, maana 21:11 anasema ni safi kama bilauri.

Chetezo

Nyongeza moja kwa mama, kwa kuwa jina lako linataja kwaya. Ule Mtakatifu mara tatu unaoimbwa kwenye Misa na katika liturujia nyingi umefungwa na aya hizi na Isaya 6. Kipindi cha tatu kikiisha, msifunge kwa maelezo. Gawaneni sauti: wanne wasome 4:8, kundi la pili 4:11, wote hao pamoja 5:9-10, kundi la tatu 5:12, na chumba kizima 5:13. "Amina" ya 5:14 isemwe na wale wanne peke yao, kama ilivyoandikwa, kisha kimya. Wazee wanaanguka kifudifudi bila kusema neno.